Shauri kwa Wanaotaka Kupanda Mawimbi

Katika toleo lililopita la gazeti letu ilichapwa barua ya wenzetu wa zamani wakaao Mombasa. Wametualika sisi wa kidato cha tano na cha sita tuwatembelee katika likizo ya Agosti, nao wameahidi kutununulia mbao mbili za kupandia mawimbi, ili tujifunze mchezo huo ambao hapa Kigali tunauona katika simu tu. Tangu siku hiyo bwenini hakuna maneno mengine. Yuko mmoja, simtaji jina, ambaye kila jioni husimama juu ya benchi la bwalo, magoti ameyakunja na mikono ameitandaza kama kunguru anayekausha mbawa, na wadogo humshangilia.

Nawashukuru wenzetu wa Mombasa kwa moyo wangu wote. Lakini naomba ruhusa ya kusema jambo ambalo halitawapendeza wengi: mbao hizo zisinunuliwe kwanza. Fedha hizo zitumike kutufundisha kuogelea, na asiyejua kuogelea asikanyage ubao. Najua nitaitwa mwoga. Basi nisikilizwe kwanza, maana mimi nimekwisha kupanda ubao, na karibu nife maji.

Mwaka jana, katika likizo kama hiyo, mjomba wangu alinichukua katika lori lake. Yeye ni dereva wa njia ya Mombasa, na kutoka Kigali hadi huko, kwa kupitia Kampala na Nairobi, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600. Tulipofika alikuwa na kazi ya kungoja mzigo bandarini, akanipeleka kwa rafiki yake Malindi, kama kilomita 120 kaskazini ya Mombasa, nisije nikapotea mjini.

Mtu wa kwetu anayefika pwani mara ya kwanza hudhani kwamba kila mahali pana mawimbi. Sivyo. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania ina mwamba wa matumbawe mbele yake. Mawimbi makubwa huvunjika huko nje, nawe ufukoni unaona mstari mweupe tu. Ndani ya mwamba maji hutulia kama ya Muhazi asubuhi. Lakini mbele ya ghuba ya Malindi mwamba umekatika, na upepo wa kusi unapovuma, hasa Julai na Agosti, mawimbi hufika mpaka mchangani. Ndiyo sababu vijana huenda huko kucheza nayo, wengine kwa mbao za kununua, wengine kwa kipande cha ubao wanachokilalia kifudifudi.

Siku ya pili nilimkuta ufukoni kijana mwenye ubao mkuukuu. Nilimwomba anifundishe, akaniuliza, “Wajua kuogelea?” Kando yetu walikuwapo watoto wa miaka minane au tisa wakijitupa majini na kutokea mbali kama samaki. Nikawatazama watoto wale, nikajitazama mimi mwenye miaka kumi na minane, nikajibu, “Najua.”

Neno hilo moja ndilo ninalotaka kulizungumza kuliko mawimbi yenyewe. Sikulisema kwa ubaya. Nililisema kwa sababu katika shule zetu mtu akijibu “Sijui” huchekwa, hata mwishowe ulimi unazoea kusema “Najua” kabla kichwa hakijafikiri. Darasani uongo huo hukugharimu alama mbili tatu. Majini ni habari nyingine.

Yule kijana alinionyesha kulala juu ya ubao na kupiga maji kwa mikono, kisha akaenda kumsaidia mwingine. Nikaona mahali ambapo mawimbi hayakuvunjika, pametulia, katikati ya mawimbi mawili meupe. Nikasema moyoni, hapa ndipo pa mwanafunzi. Kumbe nilichagua mlango wenyewe wa hatari! Maji yanayoletwa ufukoni na mawimbi hayana budi kurudi baharini, nayo hupenda kurudi kwa njia moja yenye kina, kama mfereji. Na kwa kuwa ina kina, mawimbi hayavunjiki hapo, na mgeni hupaona pana amani. Maji yalikuwa kifuani. Wimbi dogo likanipokonya ubao, ambao haukuwa na kamba ya kufunga mguuni. Nikapiga hatua moja kuufuata. Hatua ya pili haikukuta mchanga.

Sitaeleza mengi. Nilikunywa maji ya chumvi. Niliona anga, kisha sikuiona, kisha nikaiona tena. Nilitaka kuita nikashindwa, maana anayekufa maji hapigi kelele kama tunavyodhani. Kinywa kina kazi nyingine. Vijana wawili walinifikia, mmoja akanishika kwa nyuma chini ya makwapa, wakanitoa kwa upande, si kwa kwenda moja kwa moja ufukoni. Nilipokwisha kutapika, yule mwenye ubao akanitazama sana, akasema, “Ndugu yangu, mbona uliniambia wajua?” Hakunikaripia. Ingekuwa afadhali angenikaripia.

Mjomba sikumwambia mpaka tulipopita Nairobi. Alinyamaza kilomita nyingi, kisha akasema kwamba angemwambia nini dada yake.

Sasa najua jibu la baadhi yenu, kwa sababu nililisikia katika mdahalo wetu wa mwezi uliopita: “Sisi ni watu wa milimani. Kigali iko kama mita 1,500 juu ya bahari. Tutakufaje maji?” Darasa zima likapiga makofi. Mimi sikupiga, na sikuwa nikiwaza Malindi.

Nyumbani kwetu, bondeni, watu huchimba udongo wa matofali. Mvua za masika zikija, mashimo yale hujaa maji, na maji yake ni ya rangi ya udongo, hata huwezi kujua kina chake. Nilipokuwa na miaka kumi, tulikuwa watoto sita tukichunga mbuzi, na mmoja akaingia kuutoa mpira wetu. Ulikuwa mpira wa majani ya migomba. Tulisimama watano ukingoni, tukipiga mayowe, na hapana hata mmoja aliyejua la kufanya. Watu wazima waliokuja mbio nao hawakujua kuogelea. Walitafuta mti mrefu, na mti ulipopatikana ulikuwa hauna kazi tena. Shimo lile halikuwa pana kuliko darasa hili ninamoandikia.

Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na wengi wao ni watoto na vijana. Hao si wapanda mawimbi. Ni watu waliokwenda kuteka maji, kuvuka mto, kuoga, kuvua. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kuogelea ni mambo ya pwani.

Basi mimi nilijifunza wapi? Nilijifunza Kivu, katika likizo ya Krismasi iliyofuata, kwa mwenzangu wa darasa atokaye Kibuye. Watu wa kwao ni wavuvi wa sambaza, wale wanaotoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba. Nilimwambia mara ya kwanza, bila kuulizwa, “Sijui kuogelea.” Akacheka kidogo, akasema, “Vema, basi hutanisumbua kwa ujuzi.”

Siku mbili za kwanza hakunifundisha kupiga mikono hata kidogo. Alinifundisha kutoa pumzi ndani ya maji. Unasimama maji yakiwa kiunoni, unavuta pumzi, unatia uso majini na macho wazi, unapuliza kwa pua na kinywa polepole mpaka mapovu yaishe. Mara mia. Nilidhani ananidhihaki. Lakini mtu asiyejua kuogelea hazuiliwi na mikono yake. Huzuiliwa na hofu ya maji usoni, na hofu hiyo humfanya ainue kichwa, na kichwa kikiinuka miguu huzama. Siku ya tatu akanilaza chali, mkono wake chini ya mgongo wangu, masikio yangu ndani ya maji, akaniambia nitazame mawingu na nijaze kifua hewa. Sikujua alipouondoa mkono. Tangu siku ile maji hayakuwa adui tena, ijapokuwa bado nilikuwa sijui kwenda popote. Kuelea chali ndiko kunakomwokoa mtu aliyechoka, na mimi ningejua hilo Malindi, ningengoja tu wale vijana huku nikitazama anga. Mambo ya mikono na miguu yalifuata, nayo ni mazoezi tu. Sina haja ya kuyaeleza.

Maji ya chumvi humbeba mtu kidogo zaidi kuliko maji baridi ya ziwa. Kwa hiyo aliyejifunza Kivu au Muhazi akifika baharini ataona mwili wake umekuwa mwepesi. Sisi wa bara tuna faida hiyo moja.

Lakini si kila maji ya nchi yetu yafaa. Ziwa Ihema huko Akagera lina mamba na viboko, na mto Nyabarongo una mamba, huko tusithubutu. Penye majani mengi na konokono pana hatari ya kichocho. Kivu haina mamba, ila mahali pengi ukingo wake hushuka ghafla, hatua mbili kiunoni na ya tatu shimoni. Tena upande wa kaskazini, Gisenyi na Goma, yako mahali ambapo hewa mbaya hutoka ardhini na kutulia mabondeni karibu na maji. Wenyeji huiita mazuku, haionekani, na imekwisha kuua watu. Kwa hiyo kwanza uliza wenyeji, kisha vua shati.

Haya. Tuseme mtu amejua kuogelea, nasi tumefika pwani, na ubao upo. Hapo nitawapa yale niliyoonywa na yule kijana wa Malindi siku za mwisho, maana nilirudi kwake, nikakaa mchangani nikimtazama, naye akanisemesha kwa huruma.

Ubao wa mwanafunzi na uwe mrefu, mpana na laini juu, hata kama wenzako wenye mbao fupi wanakucheka. Mfupi huenda kasi na kugeuka upesi, lakini humtupa asiyeujua. Usikubali kamwe ubao usio na kamba ya mguuni. Usiende nje kwenye mawimbi yanayosimama. Kaa maji yakiwa kiunoni, ungoje wimbi lililokwisha kuvunjika, lile povu jeupe linalokwenda ufukoni, ulale ubaoni ukielekea nchi kavu, ulipokee kwa nyuma. Siku ya kwanza lala tu mpaka mchangani. Hiyo peke yake ni furaha ya kutosha, na watoto wa Malindi hufanya hivyo kutwa nzima bila kuchoka. Siku ya pili jaribu kuinuka: mikono kando ya kifua, miguu yote miwili pamoja, goti lisiguse ubao, maana ukizoea kupiga magoti hutaacha. Tazama mbele, wala usitazame miguu. Atazamaye miguu huanguka, kama vile mwendesha baiskeli ya mbao anayetazama gurudumu lake mteremkoni. Wengi wetu tumeshuka vilima kwa baiskeli zile, na nadhani tuna miguu mizuri kwa kazi hii kuliko tunavyofikiri.

Kuanguka kuna adabu yake, na mimi naona ndiyo elimu kubwa ya mchezo wote. Anguka kwa upande au kwa matako, usiingie kwa kichwa, kwa kuwa hujui kina. Ukiwa chini, funika kichwa kwa mikono miwili mpaka utokee juu, maana ubao wako umefungwa mguuni nao hurudi. Na unapotembea majini usiuweke ubao kati yako na wimbi. Uweke ubavuni, la sivyo wimbi litakupiga nao tumboni.

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, ndipo maji hupanda sana na kushuka sana, zaidi ya mita tatu, na mahali palipokuwa na mita mbili za maji asubuhi pana mawe matupu mchana. Sisi tuliozoea ziwa hatulijui jambo hili hata kidogo. Nami niliacha viatu vyangu mchangani nikavikuta vinaelea.

Na ule mkondo unaorudi nje, ukikushika, usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kwenda ufukoni. Hata bingwa hushindwa. Lala chali upumzike, au ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke katika njia yake, kisha rudi pamoja na mawimbi. Lakini ona, ndugu msomaji: shauri hili lote halina maana kwa asiyejua kuogelea. Atalala vipi chali? Ataogelea vipi sambamba? Ndiyo sababu nasema ubao baadaye.

Wengine hudhani mchezo huu ni wa Wazungu, na kwamba tukiuchukua tunaiga. Hiyo si kweli. Uliko maarufu tangu zamani ni Hawaii, kwa wenyeji wa visiwa vile. Na katika Afrika yetu, Mjerumani mmoja aitwaye Michael Hemmersam, aliyekaa Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, katika miaka ya 1640, aliandika kwamba wazazi wa huko waliwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatupa majini ili wajifunze kuogelea. Sishauri tufungwe! Lakini mzazi yule alijua ubao ulikuwa kwa ajili ya kuogelea.

Na yule aliyeupeleka mchezo huu mbali kuliko wote, Duke Kahanamoku wa Hawaii, alikuwa muogeleaji hasa. Alipata dhahabu ya mita 100 katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, akaipata tena Antwerp mwaka 1920. Mwaka 1925, huko California, mashua ilipopinduka katika mawimbi makubwa, alikwenda na ubao wake mara kwa mara akaokoa watu wanane. Katika picha zake nyingi tunamwona amesimama na ubao tu. Hatuoni miaka aliyoogelea.

Kwa hiyo shauri langu kwa wenzetu wa Mombasa ni hili. Mabwawa mengi ya kuogelea ya Kigali ni ya mahoteli na vilabu, na kiingilio chake si cha mwanafunzi wa bweni. Fedha za ubao mmoja zingeweza kutulipia siku nyingi, pamoja na mwalimu. Ikiwa hazitoshi, Muhazi si mbali, na tunaye mtoto wa Kibuye atakayetufundisha bure. Watakaoelea chali kwa dakika tano na kuogelea mita hamsini bila kugusa chini, mbele ya Bruda, hao ndio wapande ubao Agosti. Wengine waje pwani vilevile, wale samaki, watazame bahari, na wacheze mchangani. Ubao mmoja watosha watu kumi kwa zamu. Mbao mbili hazikuwa za lazima.

Najua mtu atauliza kwa nini nisiseme jambo hili kwa faragha badala ya kujiaibisha gazetini. Nimefikiri hivyo pia. Lakini nikinyamaza, Agosti kijana fulani wa pwani atamwuliza mmoja wenu swali lile lile, mbele ya watoto wadogo waogeleao, na najua jibu litakalotoka.

Padre amenipa ruhusa ya kubandika karatasi karibu na mlango wa bwalo kwa watakaokwenda Muhazi Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Juu yake nimeandika mistari miwili: jina, na kama wajua au hujui. Mimi nimeandika kwamba najua kidogo. Mpaka jana jioni yalikuwapo majina kumi na moja, na yule wa benchi la bwalo ni wa nne. Nauli ni juu ya kila mtu, na alete taulo na kaptura yake.